Anti, nimepata kazi ya ualimu Maskati, nianzie wapi?

Mwezi huu barua karibu zote ni za walimu, na nyingi za vijana waliomaliza chuo juzijuzi wakapata kazi ya kwanza nje ya nchi, wengi wao Oman. Nimechagua tano. Nitazijibu kama mtu aliyefundisha Hesabu kule miaka saba, nilikwenda 2009 nikiwa na digrii mkononi na woga mwingi kuliko begi nililobeba.

Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 25, niko Morogoro, nimemaliza digrii ya ualimu, Hesabu na Fizikia, mwaka juzi. Toka hapo niko kitaa, ajira za serikali nimeomba, usaili nimefanya sikupata, sa hivi napiga tempo shule moja ya binafsi wananipa hela ya nauli na chakula basi. Mwezi uliopita nikafanya intavyuu ya Zoom na shule moja Maskati, wakaniambia nimepita natakiwa niwe kule mwisho wa mwezi wa nane. Nimefurahi mpaka nimelia ila kichwa kinaniuma. Nibebe nguo gani? Joto la kule ni kweli linaua? Kiarabu sijui hata neno moja, nitaishije? Niwe na shilingi ngapi za kuanzia? Mkataba wametuma uko kwa Kiarabu na Kiingereza kidogo, wanasema nisaini haraka nirudishe. Alafu kuna mtu anajiita wakala anasema bila laki nane ya kusukuma faili viza haitoki. Na je niwaambie watu nyumbani au nikae kimya mpaka nipande ndege?
Mwalimu mpya, Morogoro

Marahaba mwanangu, na hongera, tena hongera sana, najua kukaa kitaa na cheti cha ualimu kunavyochosha.

Nimesoma barua yako mara tatu nikahesabu maswali, yako saba, na hakuna hata moja linalohusu darasa. Sikulaumu, hata mimi nilikuwa hivyohivyo, nilijua bei ya sanduku na uzito wa mizigo ndege inayoruhusu lakini sikujiuliza siku ya kwanza ya shule saa moja asubuhi nitasimama mbele ya watoto nao wataniona nani. Huko ndiko kunakovunja walimu wapya, joto halijamrudisha mtu. Nitafika hapo, ila kwanza tumalize ya mkataba kwa sababu hilo halisubiri.

Usisaini kitu usichokisoma. Mi nilisaini. Mkataba wangu ulikuwa kurasa nne za Kiarabu na karatasi moja ya Kiingereza yenye jumla ya mshahara, nikaona riyali 350 nikapiga hesabu za shilingi nikasaini siku hiyohiyo, kumbe ndani kwenye Kiarabu mshahara wa msingi ulikuwa 180 na zilizobaki ni posho. Sikujua tofauti yake mpaka siku naondoka, kiinua mgongo kikapigwa kwenye ile 180. Sheria ya kazi ya Oman ya sasa, ile iliyotoka 2023, inasema mfanyakazi wa kigeni anapata kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya, kwahiyo ukiona jumla ni 400 uliza msingi ni ngapi, kama msingi ni 200 basi ukifanya miaka miwili unaondoka na 400, kama msingi ni 350 unaondoka na 700, na kazi ni ileile. Riyali moja imefungwa kwenye dola 2.6 miaka mingi sana, kwahiyo hesabu zako fanya kwa dola halafu ndo uje kwenye shilingi.

Morogoro hapo kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, hukosi mtu anayekisoma Kiarabu vizuri, nenda nae kaa chini asome mstari kwa mstari we unaandika. Tafuta vitu hivi: mshahara wa msingi, nyumba wanatoa au wanatoa hela ya nyumba, na kama wanatoa utakaa peke yako au mtachangia na wangapi, likizo ya mwezi wa saba na wa nane inalipwa au hailipwi, tiketi ya kwenda na ya kurudi nani analipa, bima ya matibabu, na vipindi vingapi kwa wiki. Hiyo ya vipindi watu hawaulizi. Kuna mwenzangu aliambiwa ni mwalimu wa Fizikia akafika akakuta amepangiwa Fizikia, Sayansi ya darasa la tano na kusimamia watoto kwenye basi la shule jioni. Muda wa majaribio kisheria hauzidi miezi mitatu, ukiona wameandika sita uliza. Na pasipoti yako: sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi isipokuwa mwenyewe ameridhia kwa maandishi, kwahiyo wakikupa fomu siku ya kwanza useme unawakabidhi wakutunzie, waambie kwa heshima kwamba utaitunza mwenyewe.

Huyo wa laki nane achana nae leo. Viza ya kazi ya Oman anaiomba mwajiri huko kwao, anaanza na kibali cha Wizara ya Kazi kisha inatolewa na Polisi ya Kifalme, hakuna faili la kusukumwa kutoka Msamvu. Mwajiri anayekutaka hakulipishi ili akuajiri. Na wakala wa kweli hapa nyumbani ana leseni, omba uione, halafu peleka jina lake TaESA, wale wa serikali wa huduma za ajira, uwaulize wanamjua au hawamjui, haikugharimu kitu zaidi ya nauli.

Gharama zako za kweli ni hizi: pasipoti 150,000, cheti cha tabia njema cha polisi, chanjo na kadi ya njano, na kugonga mihuri vyeti. Vyeti ndo vinakula muda. Cheti cha digrii na matokeo yake vinapita Wizara ya Mambo ya Nje halafu ubalozi wa Oman Dar, na kama jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha form four, herufi moja tu, anza na RITA, wale wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, kesho asubuhi. Mimi nilikuwa na Khadija kwenye kimoja na Hadija kwenye kingine nikapoteza wiki tano. Tengeneza nakala za kila kitu, skani weka kwenye barua pepe, acha seti moja kwa mama. Pia pima afya hapa nyumbani mapema, kifua na damu, kwasababu ukifika unapimwa tena kabla ya kupewa kadi ya ukaaji, na asiyepita anarudishwa, ni heri ujue ukiwa kwenu ambapo unaweza kupata tiba na mtu wa kukushika mkono.

Sasa darasa.

Wewe umefanya TP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo, kwenye madarasa ya watoto 80, labda 100, na hiyo tempo yako sidhani iko mbali na hapo. Ukiwa na watoto 100 unajifunza kupaza sauti, kuandika ubaoni haraka, na kusahihisha madaftari ya mstari mmoja wa mbele kwa niaba ya wote. Kule utaingia darasa la watoto 25 hivi na ghafla kila mmoja anaonekana. Daftari la kila mtoto linafika nyumbani na mama yake analifungua jioni, kama hukusahihisha tangu Jumatatu atauliza, na atamuuliza mkuu wa shule. Sio ubaya huo, mi nakwambia baada ya mwaka mmoja nilikuwa najua kila mtoto wangu anakosea wapi, kitu ambacho sijawahi kukijua nikiwa nyumbani, lakini mwezi wa kwanza nilikuwa nalala saa saba usiku.

Kiboko hakuna. Oman adhabu ya viboko shuleni imekatazwa, na hata kumvuta mtoto sikio au kumpigisha magoti ni kesi. Sisi tumelelewa nayo na tumefundishwa tukiwa tunaiona kwa mwalimu wa zamu kila asubuhi, kwahiyo mkono unaweza kwenda wenyewe kabla hujafikiri. Anza sasa. Hii miezi uliyobaki nayo kwenye hiyo tempo muombe mkuu wako akupe mkondo mmoja uushike mwenyewe muhula mzima, ingia bila fimbo, na usiwatishe kwa fimbo ya mwalimu mwingine. Utaona wiki mbili za kwanza watakupanda kichwani, ya tatu utaanza kugundua vitu vidogo, kwamba ukikaa kimya sekunde kumi ukimwangalia anayeongea anaacha, kwamba darasa lenye kazi mezani dakika ile unapoingia mlangoni halina muda wa fujo, kwamba mtoto anayesumbua kila siku ukimpa kugawa madaftari anatulia. Haya hayapatikani kwenye kozi, yanapatikana kwa kusimama pale, na ni afadhali ukosee Morogoro ambako unaelewana na watoto kwa lugha kuliko ukakosee Maskati.

Fundisha kwa Kiingereza kipindi chote pia. Shule nyingi za binafsi kule ni za lugha mbili, Hesabu na Sayansi kwa Kiingereza, na mtoto hana Kiswahili cha kukuokoa ukikwama. Jirekodi na simu dakika kumi, sikiliza. Mi nilijisikia nikagundua nasema haraka sana na sentensi sizimalizi.

Alafu kuna hili, laiti mtu angeniambia. Mtihani wangu wa kwanza kule, darasa la sita, kuna binti alikuwa mkimya sana nikampa 4 kwa 20. Majibu yake yalijaa sifuri. Jioni akaja baba yake, mpole kabisa, akafungua karatasi akaniambia mwalimu, hii sio sifuri, hii ni tano. Tano ya Kiarabu inaandikwa kama kiduara, na sifuri yao ni nukta. Saba yao ni kama V, nane ni V iliyopinduliwa, na sita yao ukiiona haraka utasema ni saba yetu. Wanazijua namba zetu vizuri tu lakini mtoto akiwa na haraka kwenye mtihani anarudi kwenye mkono wake wa kwanza. Nilisahihisha upya akapata 15. Yule binti alikuwa ameshalia kutwa nzima kwa sababu yangu, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Jifunze hizo namba kumi kabla hujapanda ndege, ni kazi ya nusu saa. Na sauti ya P haiko kwenye Kiarabu, kwahiyo mtoto akikwambia barabola anaijua parabola, usimcheke na usiruhusu mwingine amcheke.

Mengine haraka. Joto: mwezi wa nane Maskati inafika nyuzi 40 na zaidi, na kwa kuwa iko ufukweni unyevu nao upo, ila nyumba, darasa na gari vyote vina kiyoyozi, ni kutembea mchana tu ndo usijaribu. Nguo: suruali za kitambaa, mashati ya mikono mirefu, tai mbili, na sweta jepesi la darasani maana viyoyozi vya shule vinagandisha. Chaja zako zitaingia, soketi ni kama zetu za matundu matatu. Wiki yao ya kazi ni Jumapili hadi Alhamisi. Kiarabu: umesema hujui neno moja, sio kweli mwanangu, unajua kitabu, kalamu, karatasi, daftari, darasa, mtihani, saa, dakika, sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, yani vitu vya shuleni umeshavitaja tangu darasa la kwanza, jifunze salamu na kuomba samahani vingine utavidaka. Hela: mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa kwa sababu mpaka kadi ya ukaaji itoke ndo unafungua akaunti benki, kwahiyo kuwa na ya kula ya miezi miwili, usiende na nauli ya teksi tu.

Kuhusu kuwaambia watu, waambie wazazi wako leo. Mwambie mzee au mama ajue jina la shule, namba ya simu ya shule, na tarehe. Ukifika nenda ubalozi wetu Maskati ukajiandikishe. Hao wengine mtaani utaamua mwenyewe.

Habari dada. Binti yangu wa kwanza amepata kazi ya kufundisha Kiingereza huko Uarabuni, tunashukuru Mungu. Alisoma kwa mkopo wa bodi. Mjomba wake anasema akishaondoka deni limekufa maana hakuna mwajiri wa kumkata. Pia wadogo zake watatu wako shule na nyumba yetu haijapauliwa, nilitaka tukae tupange kila mwezi atume kiasi gani. Ni sahihi?
Mama wa mwalimu, Tanga

Habari nzuri mama mwenzangu, na pongezi kwa kusomesha.

Deni halifi. Akiajiriwa nyumbani mwajiri anamkata asilimia 15 ya mshahara anapeleka bodi, akiwa nje hakuna wa kumkata kwahiyo inabidi alipe mwenyewe, na ile miezi 24 ya kupumua baada ya kumaliza chuo ikiisha anatakiwa awe ameanza. Anaomba namba ya malipo kwenye mfumo wa bodi analipa kwa simu au benki, hata wewe unaweza kumlipia ukiwa Tanga kwa hela atakayotuma. Akikaa kimya miaka sita akarudi atakuta deni linamsubiri lotelote, na wadhamini walioweka saini kwenye fomu wakati ule ni nyie. Mjomba anampenda mpwa wake najua, ila hapo amempotosha.

La kutuma hela naomba unisikilize kwa upole. Miezi mitatu ya kwanza msimpangie kitu. Atakuwa ananunua godoro, sufuria, anajifunza mabasi, anarudisha pesa ya tiketi kama alikopa, na zaidi ya yote atakuwa anajifunza kazi, mwalimu wa mwaka wa kwanza anachoka kuliko anavyoweza kueleza kwenye simu. Nimeona mabinti wakikatwa usingizi kila mwisho wa mwezi kwa meseji kumi na mbili za nyumbani, kila moja ina sababu ya kweli kabisa, ada, dawa, msiba, mabati, na yeye hana hata shilingi ya kununua viatu vya kuendea shule. Wengine wanaanza kufundisha tuisheni za siri jioni bila kibali ili watosheleze, wakishikwa wanapoteza kila kitu. Kuanzia mwezi wa nne kaeni nae aseme mwenyewe anaweza ngapi baada ya kula, kulipa bodi na kuweka akiba yake, na hiyo atakayosema ichukue kama ilivyo. Mabati yatakuja. Anza na mdogo mmoja, ada ya mmoja, halafu tuone.

Na ukimpigia simu usianze na shida. Muulize watoto wake wa darasani wanaitwaje. Atakwambia majina yote.

Assalaam alaykum bibie. Mie mwalimu wa Unguja, Kiengereza na Historia. Kuna skuli imenambia niende kwanza kwa viza ya matembezi, halafu tukifika huko watanibadilishia iwe ya kazi, wanasema ndo njia ya haraka. Jamaa zangu wako Maskati wanasema njoo tu. Nifanyeje?
Wa Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam ndugu yangu. Usende. Zamani watu walifanya hivyo na wengi walifanikiwa, ndo maana jamaa zako wanasema njoo tu, ila Oktoba 2023 polisi wa Oman walitangaza kusitisha kubadilisha viza za utalii na matembezi kuwa za kazi mtu akiwa ndani ya nchi. Na hata kabla ya hapo, mwalimu aliyeingia kwa matembezi akisimama darasani anafanya kazi bila kibali, akidhulumiwa mshahara anashtaki kwa karatasi gani? Walimu wa skuli binafsi wanahitaji pia kuidhinishwa na Wizara ya Elimu ya kule kwa vyeti vyao, sasa skuli inayotaka kukuingiza kabla ya yote hayo ina sababu yake, na sababu hiyo haikufaidishi wewe.

Waambie uko tayari, watume viza ya kazi. Wakikataa, we endelea kufundisha hapo ulipo na uombe kwengine. Unguja kuna ubalozi mdogo wa Oman, nenda nayo barua yao uwaulize.

Hujambo Anti. Nimeskia ati Maskati Kiswahili kinaongewa sana, na wenyewe watoto wa shule wanakijua. Ni kweli ama ni stori za watu?
Mwalimu mtarajiwa, Mombasa

Sijambo mwanangu. Ni kweli ila sio kama unavyofikiria. Nyie wa Mombasa historia hii mnaishi nayo, Fort Jesus pale Waomani waliichukua kwa Wareno 1698, na baadae Seyyid Said akahamishia makao yake Unguja kabisa. Watu wakaenda na kurudi, wakaoa, wakazaa. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka Unguja, na Sultan Qaboos alipoingia 1970 akawaita Waomani waliosoma nje warudi wajenge nchi. Wakati ule Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu. Hebu fikiria nchi inayotaka kufungua shule kila kijiji inapata wapi walimu, wengine waliletwa kutoka Misri na nchi nyingine za Kiarabu, na waliorudi kutoka Unguja na bara nao walikuwa na elimu na Kiingereza, wakaingia maofisini, hospitali na mashuleni.

Kwahiyo Kiswahili utakikuta kwa mabibi na mababu, kwa akina mama wa makamo, dukani, hospitalini, kwenye mishkaki ya barabarani jioni. Watoto wa shule wa sasa wengi wanaongea Kiarabu na Kiingereza, mmoja mmoja anakielewa kwa sababu ya bibi yake nyumbani. Mimi siku moja ya wazazi nilikuwa nahangaika na Kiarabu changu kibovu mbele ya bibi mmoja kavaa shela lake, akanisikiliza mpaka mwisho akaniambia, mwanangu sema Kiswahili unachoka bure. Nilishindwa kuongea dakika nzima, nilikuwa na miezi minne sijamsikia mtu mzima akiniita mwanangu.

Kitu kimoja tu: mambo ya 1964 yamebeba misiba ya watu, usiyaulize kwenye meza ya chai kama stori. Mtu akitaka kukuhadithia atakuhadithia mwenyewe, we sikiliza.

Anti mimi tayari nimeshafika, niko Sohar, wiki ya saba sasa. Nafundisha darasa la nne Sayansi. Watoto hawanisikilizi, mwalimu mkuu ameingia darasani mara mbili akaandika tu kwenye karatasi akatoka hajaniambia kitu, usiku nalia, asubuhi tumbo linauma kabla ya basi kuja. Nimefikiria kuondoka kimyakimya niende Maskati kwa rafiki yangu nitafute kazi nyingine. Nimesoma sana Anti, nilipata GPA nzuri, kwanini nashindwa?
Naomba jina lisitajwe

Mdogo wangu, pole. Pole kabisa.

Kwanza usiondoke kimyakimya. Mwajiri akiripoti umetoroka kazi unageuka mkosaji wa sheria kwenye nchi ambayo hujafanya kosa lolote, na hiyo kazi nyingine hutaipata kihalali. Uko wiki ya saba, bado uko kwenye majaribio, kisheria hata ukitaka kuacha unatoa taarifa ya siku saba kwa maandishi unaondoka ukiwa msafi, baada ya majaribio ni siku 30. Na ukimaliza mkataba wako, tangu Januari 2021 unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba barua ya ruhusa ya yule wa kwanza. Mlango upo, haujafungiwa. Nakuambia hivyo ili ulale leo, sikuambii utoke.

Maana hicho unachokipitia wiki ya saba nimekipita mimi, na kila mwalimu mzuri ninayemjua amekipita, wengine wakiwa Singida na Kigoma bila kuvuka mpaka wowote. GPA inapima unavyojua Sayansi. Watoto wa darasa la nne hawajui kama unajua Sayansi, wanachojua ni kama jana ulisema utafanya kitu na leo umefanya. We umeongezewa na lugha, chakula, chumba cha peke yako na ukimya wa Ijumaa, na yote unayabeba kwa wakati mmoja.

Fanya haya wiki ijayo. Jumapili kabla ya kipindi nenda ofisini kwa mwalimu mkuu na daftari, mwambie uliingia darasani kwangu mara mbili, naomba uniambie kitu kimoja tu cha kurekebisha. Kimoja. Wengi wanakaa kimya kwa sababu wanadhani mgeni ataona aibu, ukiuliza mwenyewe wanafunguka. Kisha omba kwenda kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mwingine wa hao hao watoto wako wa la nne, labda wa Kiarabu, hata kama huelewi neno, angalia anasimama wapi wakiingia, anafanya nini mikono yake, anasubiri nini kabla ya kuongea. Mimi nilijifunza zaidi kwenye dakika 40 za mwalimu wa Kiarabu kuliko semina zote, yule mama alikuwa anasimama mlangoni anamsalimia kila mtoto kwa jina anapoingia, wakifika kwenye viti wameshatulia. Kesho yake nikaanza na mimi. Majina 26, niliyaandika kwenye kiganja.

Kwenye hicho kipindi cha Sayansi punguza kuongea. Wape kitu washike, mbegu ya tende na pamba yenye maji kwenye kikombe, kila mtoto na chake na jina lake limeandikwa, waipime kila siku. Tende haina haraka, itawachukua wiki kadhaa, na kila asubuhi wataingia mbio kwenye kikombe kabla hata hujafungua mdomo.

Na usilie peke yako. Uliza kwa walimu wenzio, Sohar hukosi Mtanzania au Mkenya, na jioni hii mpigie mama yako umwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi. Hilo tumbo pia nenda kwa daktari, bima unayo, tumia.

Niandikie mwisho wa mwezi wa kumi na mbili uniambie mbegu ngapi zimeota.